Robo ya Bati Kila Jumapili

Mliponiaga Ijumaa iliyopita mlinikabidhi blanketi, sufuria kubwa iliyotoka kwenye mashine zetu wenyewe, na hotuba mbili ndefu. Nawashukuru. Kijana mmoja wa ofisi ya mishahara aliniomba niandike machache kuhusu miaka yangu kwenye ofisi ya saa, ili mnaobaki mjifunze. Nadhani alitarajia nieleze nilivyopanda vyeo. Vyeo havina hadithi. Ukikaa mahali pamoja muda mrefu bila kufa, watu huchoka kukuruka. Nitaandika kuhusu ovataimu, na kuhusu mtu mmoja anayeitwa Shem, na mkisoma mpaka mwisho huenda mkataka blanketi lenu mrudishiwe.

Niliingia kiwandani mwanzoni mwa miaka ya tisini, viatu vikinibana, na cheti cha ukarani mkobani ambacho hakuna aliyekiomba. Kiwanda kilikuwa papa hapa Industrial Area, ila kelele zilikuwa nyingi kuliko sasa. Ofisi ya saa ilikuwa kibanda cha mbao kando ya lango: dirisha moja, stuli mbili, na ukutani ile saa ya kupigia kadi, chuma kizito cha kijivu kilichogonga kwa kishindo kila mtu alipochomeka kadi yake. Nyinyi leo mnaweka kidole kwenye kioo na kioo kinawajua. Wakati huo hakuna kilichokujua isipokuwa kadi.

Aliyenipokea ni Mzee Barasa, karani mkuu wa saa, mtu wa Bungoma, mfupi, mwenye koti moja la kahawia na kalamu tatu mfukoni: nyeusi, buluu na nyekundu. Siku ya kwanza hakunifundisha lolote. Alinikalisha dirishani tangu saa kumi na mbili asubuhi, akaniambia nitazame mikono ya watu, si nyuso zao. Mwizi wa saa, alisema, hushika kadi mbili. Mpaka saa mbili shingo ilikuwa imekauka na nilikuwa sijamwona mwizi hata mmoja. Mzee Barasa alikuwa amewaona wawili, akawaacha wapite kwa sababu mmoja alikuwa na mke hospitalini na mwingine alikuwa shemeji yake.

Wiki ya pili alinionyesha kazi ya kalamu nyekundu. Mtu akisahau kupiga kadi wakati wa kutoka, karani ndiye mwenye ruhusa ya kujaza saa kwa mkono, kwa wino mwekundu, kisha anatia sahihi yake pembeni. Ofisi ya mishahara haiulizi. Wino huo na sahihi hiyo vikishakauka, mtu huyo alikuwa kazini, hata kama mama yake mzazi angeapa alikuwa amelala nyumbani. Mzee Barasa aliitumia kalamu ile kwa uchungu, mara mbili au tatu kwa mwezi. Alipostaafu aliniachia koti na kalamu zote tatu. Koti sikulivaa.

Sasa nije kwenye ovataimu. Hakuna swali nililoulizwa mara nyingi pale dirishani kuliko hili: nikifanya ovataimu, inanilipa? Wengi waliamini kwamba ukivuka mstari fulani wa mshahara, serikali inaukata upya mshahara wote, mpaka unarudi nyumbani na pesa kidogo kuliko aliyelala. Niliwaeleza mpaka mate yakakauka. Kodi ile tuliyoiita Payee ni ngazi. Kila kipandio kinakatwa peke yake, na ukipanda cha juu, vile vya chini havikatwi tena. Huwezi kupata hasara kwa kupanda, ila kadiri unavyopanda ndivyo kila shilingi mpya inavyomegwa zaidi. Ovataimu huwa juu kabisa ya ngazi, kwa hiyo ndiyo inayomegwa zaidi kuliko mshahara. Wengine walielewa. Wengine walitikisa kichwa kwa heshima wakaenda kumwuliza fundi wa umeme, aliyewaambia walivyotaka kusikia.

Shem alielewa mara moja. Alikuwa mtu wa mashine ya presi, ile inayokanda bamba la alumini likawa sufuria kwa pigo moja. Mtu mrefu, mpole, wa Vihiga, aliyekaa Kariobangi chumba kimoja na mkewe na watoto watatu. Tulikuwa majirani, nyumba yake ya tatu kutoka kwetu, na aliniita Mama Roda kwa jina la binti yangu mkubwa. Alikuwa amepita miaka thelathini na tano na hakuwa na nyumba nyumbani kwao. Nyinyi wa mjini mtacheka. Lakini kwetu, mtoto wa kiume wa kwanza ambaye mama yake anafariki kabla hajajenga hatazamwi usoni, na mama yake Shem alikuwa ameanza kuugua. Ukuta wa udongo nduguye angeusimamisha. Mabati ndiyo yaliyokosekana, na Shem alihitaji thelathini. Alinunua moja moja, akayasimamisha nyuma ya kitanda. Mkewe aliniambia kwamba akigeuka usiku yanalia.

Mwaka huo kiwanda kilipata oda kubwa ya sufuria za mashule, na kazi ya Jumapili ikafunguliwa. Jumapili ililipwa bei moja kwa siku, uwe mtu wa kudumu ama kibarua, mradi umesimama kwenye mashine. Shem akaja dirishani Jumatatu wakati wa chai, kofia mkononi.

"Mama Roda, hebu nipigie hesabu. Hii Jumapili inanilipa, ama naifanyia serikali?"

Nikapiga nyuma ya kadi kuukuu. Nikatoa kodi ya kipandio chake cha juu, nikatoa nauli ya kwenda na kurudi, nikatoa chai na andazi. Nikamwambia akivumilia njaa kidogo anabaki na bei ya bati moja kila Jumapili. Hakufurahi wala hakukasirika. Alisema bati moja ni bati moja, lakini pesa iliyokwenda kwa kodi ilimuuma.

Hapo ndipo mdomo wangu ulipofunguka. Mnajua nilivyo, sikosi la kuongeza. Karibu na lango alikuwa akifagia kibarua mmoja, Kizito, mtu wa makamo, mwalimu wa kwaya huko kanisani Kariobangi, aliyelipwa kidogo mno hata kodi haikumgusa. Nikamwambia Shem:

"Shida yako ni jina tu. Ungeitwa Kizito ungekula yote, na robo ya bati juu."

Tulicheka wote wawili. Nilirudi kwenye kadi zangu, nikasahau. Watu husema mdomo uliponza kichwa. Wangu ulikiacha kichwa changu salama, ukaenda kuponza mkono wa mtu mwingine.

Jumapili iliyofuata nilikuwa zamu. Sisi wa ofisi ya saa hatukulipwa ovataimu. Tuliahidiwa siku za kupumzika ambazo hadi leo bado naahidiwa. Saa moja kasoro Shem aliingia, akanyoosha mkono kwenye ubao wa kadi, akaipita yake, akachukua ya Kizito, kadi ya manjano ya vibarua, akaipiga. Kisha akanitazama. Nikainamisha kichwa nikajifanya naandika. Baadaye nilisikia walivyopatana: Kizito angepokea pesa, angetoa kidogo ya sabuni na soda, zilizobaki angempa Shem. Wote wawili walikuwa waaminifu na hawakuwahi kukosana hata kwa shilingi. Supavaiza alijua, lakini alihitaji mkono uliozoea presi, na jina lililoandikwa kwenye kadi halikumhusu. Ikaendelea hivyo miezi kadhaa. Jumapili nne, bati moja la ziada. Shem alipofikisha kumi na tisa alinipungia mkono pale dirishani, akanionyesha kwa vidole, kumi halafu tisa.

Ilikuwa Jumapili asubuhi, kama saa nne. Kinga ya presi ilikuwa imetolewa ili kazi iende haraka, jambo ambalo kila mtu alilijua na hakuna aliyelisema. Sikusikia ukelele. Nilichosikia ni mashine kunyamaza moja baada ya nyingine mpaka kiwanda chote kikawa kimya. Walimtoa Shem wamemshika mabegani, mkono wa kulia umefungwa kwa aproni mbili, uso wake umekuwa wa kijivu. Alipopita dirishani kwangu alisema kwa sauti ya chini, kama anayeomba radhi, kwamba hajapiga kadi ya kutoka. Akapakiwa kwenye pikapu, akapelekwa hospitali. Vidole vinne havikurudi.

Jumatatu nilifika mapema. Kadi ya Shem ya Jumapili ilikuwa tupu, haina alama. Kadi ya Kizito ilikuwa na saa ya kuingia na haina ya kutoka. Nilizishika zote mbili nikaketi. Ilikuwa wazi kabisa. Mtu yeyote mwenye akili timamu angeziweka hizo kadi mbili pamoja na damu iliyokuwa bado sakafuni, akaelewa nani alikuwa kazini.

Meneja wa wafanyakazi aliniita na kadi zote mbili kabla ya chai. Alikuwa mtu wa adabu, hakuwahi kutupigia kelele. Aliniambia Shem aliingia kiwandani bila ruhusa, siku ambayo hakuwa kazini, akachezea mashine, na kwamba hivyo ndivyo kampuni ya bima itakavyoelezwa. Fidia hulipwa mtu aliyeumia kazini. Kisha akaisukuma kadi ya manjano mezani.

"Hii haina saa ya kutoka, Mama Roda. Jaza."

Nikasema kwamba Kizito hakuwapo. Akaniuliza, kwa upole uleule, nimejuaje, na kama nilijua, tangu lini, na kama nilijua tangu hapo, je, mimi niliyekuwa dirishani nimekuwa nikimsaidia nani kuikwepa kodi ya serikali? Akasema polisi nao wangependa kujua. Baba Roda alikuwa amepunguzwa kazini miezi saba kabla ya hapo. Alikuwa akishinda barazani akitengeneza redio za watu kwa bei ya chai. Tulikuwa na watoto wanne na mshahara mmoja, wangu. Nayasema haya si kwa kujitetea. Nayasema kwa sababu yote yalinipitia kichwani kwa muda mfupi kuliko unaohitajika kufungua kifuniko cha kalamu.

Nikaandika saa kumi na moja jioni kwa wino mwekundu. Nikatia sahihi pembeni.

Wiki mbili baadaye afisa wa leba wa serikali alikuja kuchunguza ajali, kijana aliyevaa tai, mwenye faili jembamba. Shem alikuwa bado wodini. Tuliketi katika ofisi ya meneja: afisa, meneja, supavaiza, mimi, na Kizito, aliyeitwa tu athibitishe kadi yake. Supavaiza alisema alimwona Shem akiingia kama mgeni. Kisha Kizito akaulizwa. Alikuwa na ufagio mkononi, amesahau kuuacha nje. Akasema kadi ni yake lakini yeye hakuwapo. Akaeleza yote, tangu Jumapili ya kwanza, mpaka zile pesa za sabuni. Hakutaja jina langu mahali popote, wala hakunitazama. Alijua anajichimbia kaburi kazini na alilichimba taratibu, kwa sauti ileile aliyoitumia kanisani kusoma matangazo.

Afisa akanigeukia. Naikumbuka vizuri sura yake, kwa sababu alitaka nimsaidie. Alisema neno la kibarua peke yake halitoshi mbele ya kadi, lakini karani wa saa akisema kadi si sahihi, hilo ni jambo jingine.

"Mama, huyu alikuwa kazini siku hiyo?"

Nikasema kadi inasema alikuwa kazini mpaka saa kumi na moja. Akauliza kama sahihi ni yangu. Nikasema ni yangu. Akaandika, akafunga faili. Ilichukua muda mfupi kuliko kunywa kikombe cha chai.

Kizito aliachishwa siku hiyohiyo. Kulikuwa na sheria kwamba anayeondoka arudishe kadi kwa karani wa saa, kwa hiyo ilimlazimu aje dirishani kwangu. Aliiweka juu ya ubao. Akasema:

"Jumapili ile nilikuwa naongoza kwaya, Mama Roda. Watu wote wa kanisa waliniona. Ni wewe pekee uliyeniona hapa."

Niliandika jina lake kwenye daftari la wanaotoka, naye akasubiri mpaka nikamaliza, akaniaga vizuri akaenda zake.

Shem alitoka hospitali bila kazi na bila fidia. Kiwanda kilimpa mshahara wa mwezi mmoja kwa huruma, na meneja akahakikisha neno huruma limeandikwa. Mabati yaliuzwa yote kumi na tisa, kwa hasara, kwa fundi mmoja wa jua kali aliyeyakata akatengeneza masanduku ya shule. Kwa wiki nzima tuliisikia nyundo yake. Kisha Shem akaipakia familia kwenye basi wakaenda Vihiga, wakakaa jikoni kwa nduguye. Siku ya kuondoka sikwenda kumuaga. Nilijifungia ndani nikamwambia Roda aseme nina malaria. Mama yake Shem alifariki kabla ya mwaka kwisha. Tuliokuwa majirani tulichanga, nami nilitoa nyingi kuliko wote, wakanisifu.

Mnaobaki, nawaambia hili moja la kazi, na mengine mtajifunza wenyewe. Bado watakuja kuwauliza kama ovataimu inalipa. Wapigieni hesabu. Toeni kodi, toeni nauli, toeni chakula, wapeni jibu la kweli hata kama ni dogo. Lakini mwambieni kila mtu akatwe kodi kwa jina lake, maana siku mashine ikimshika, jina hilo ndilo litakaloulizwa lilikuwa wapi. Na ukiwa wewe ndiye mwenye kalamu, usitie utani kwenye hesabu ya mtu anayehitaji mabati.

Ningeweza kuishia hapo na mngeniona mtu mwenye majuto, mambo yakaisha. Lakini kuna kuku.

Ilikuwa Desemba ya mwaka uliofuata, Jumapili, tumetoka kanisani. Hodi ikapigwa. Alikuwa Kizito, amekonda, siku hizo akibeba mizigo sokoni, na mkononi alikuwa ameshika kuku jike mkubwa, miguu imefungwa kwa kamba ya katani. Alikuwa amekwenda Vihiga kumwona Shem. Akasema kuku ametoka kwa Shem, ni wangu, wa shukrani. Nikamwuliza shukrani ya nini. Baba Roda alikuwa nyuma yangu, kwa hiyo Kizito akanivuta kidogo nje, karibu na bomba la maji.

"Nilimwambia ulisema ukweli kama mimi, wakakukatalia," alisema. "Mkono umekwenda, mabati yamekwenda, mama amekwenda. Sikutaka aone hata watu wamekwenda."

Nilimwambia siwezi kumpokea. Akasema basi nimrudishe mwenyewe, Vihiga, na nimweleze Shem kwa nini. Akasubiri jibu kama alivyosubiri siku ile dirishani. Nikanyoosha mkono nikampokea kuku. Kisha akapaza sauti ili Baba Roda asikie, akasema kuna ujumbe mwingine: Shem amesema firigisi asile mwenye nyumba, ale Mama Roda.

Wasiotoka kwetu huenda wasielewe. Firigisi ni ya mwanamume. Mama yangu alichinja na kupika kuku maisha yake yote na akazikwa bila kuionja. Kumpa mwanamke firigisi, tena kwa kutuma neno kutoka mbali, ni kusema amefanya kazi ambayo wanaume wazima wengi huikimbia. Baba Roda aliguswa sana. Alikuwa mtu aliyepoteza kazi na nusu ya heshima yake, na siku hiyo alikaa wima kwenye kiti. Alimchinja kuku mwenyewe. Tulipopakua aliitafuta ile firigisi kwenye mchuzi kwa kijiko, akaiweka kwenye sahani yangu, akawaambia watoto waache kula kwanza watazame.

"Mnamwona mama yenu?" akasema. "Mtu alikatwa mkono, na wote wakanyamaza. Yeye alisimama."

Roda akanipigia makofi, wadogo zake wakafuata. Wote walikuwa wakinitazama mdomoni. Nikaichukua, nikaitafuna polepole mpaka ikaisha, na Baba Roda aliponiuliza kama ni tamu, nikasema ni tamu.